Bodi ya Shirika la Elimu la Jamii: Namna ya Kuwapata Wajumbe na Kuwafanya Wafanye Kazi

Mashirika mengi madogo ya elimu nchini Tanzania, yale yanayoendesha maktaba ya kata, masomo ya ziada au kusomesha watoto wa familia zisizojiweza, huunda bodi kwa haraka siku ya kujaza fomu za usajili. Majina yanatafutwa, picha za pasipoti zinakusanywa, muhtasari unasainiwa, cheti kinatoka, bodi inalala. Huamshwa siku mfadhili anapoiulizia. Mwongozo huu ni wa wanaotaka kuiamsha kabla ya siku hiyo, na wa wanaoanza upya.

Bodi ni ipi

Kuna vyombo vinavyochanganywa kila siku, tuvitenganishe kwanza. Kamati ya shule kwa shule ya msingi, na bodi ya shule kwa sekondari, ni vyombo vya shule chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Vinasimamia shule, havisimamii shirika lenu, hata kama mnajenga madarasa hapo hapo. Mkutano mkuu wa wanachama, kama katiba yenu inao, ndio unaochagua bodi na kupokea hesabu mara moja kwa mwaka. Wadhamini waliosajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini), wanaoshika mali kwa niaba ya wengine, ni habari nyingine kabisa. Shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002 tayari ni mtu kisheria: linashtaki, linashtakiwa na linamiliki mali kwa jina lake. Kwa hiyo hakuna sababu ya kiwanja cha maktaba kuandikwa jina la mwenyekiti. Kama kiliandikwa hivyo, iwe ajenda ya kwanza ya bodi mpya. Mkisubiri mpaka mwenye jina afariki, mtakuwa mnajadiliana na msimamizi wa mirathi.

Kazi za bodi zinahesabika: kupitisha mpango na bajeti, kuajiri na kumpima mkurugenzi, kulinda fedha na mali, kulinda watoto mnaowahudumia, na kuhakikisha shirika linatimiza sheria. Yaliyobaki ni ya mkurugenzi na watumishi wake. Mjumbe anayempigia simu mwalimu wa kujitolea kumbadilishia ratiba ya vipindi amevuka mpaka, hata kama wazo lake ni zuri. Wazo hilo alipeleke kwa mkurugenzi au kwenye kikao.

Wangapi, na wa aina gani

Saba wanatosha. Akidi, yaani idadi ya chini ya wajumbe ili kikao kiwe halali, kwa saba ni wanne, na wanne kuwapata Jumamosi asubuhi inawezekana hata msimu wa kilimo. Bodi ya watu kumi na watano inapendeza kwenye wasifu wa shirika, lakini akidi yake ni wanane, na mtaahirisha kikao mara mbili kabla ya kukaa kimoja. Watano nao ni wachache mno: mmoja akiugua na mwingine akisafiri, maamuzi ya fedha yanabaki kwa watu watatu ambao pengine ni ndugu.

Chagueni kwa kazi, si kwa cheo. Chukueni karatasi, andikeni upande mmoja kinachohitajika mezani na upande wa pili nani anacho. Kwa shirika la elimu la ngazi ya kata au wilaya, mahitaji ni haya: mtu anayesoma taarifa ya fedha bila kutafsiriwa (mhasibu wa halmashauri, ofisa mikopo wa SACCOS, hata mwendesha duka la jumla anayefunga hesabu zake mwenyewe), mwalimu aliyewahi kuongoza shule, mstaafu akipatikana ni bora, mzazi ambaye mtoto wake yumo au amepita kwenye mradi, kijana aliyenufaika na sasa anajitegemea, mtu wa sheria au aliyezoea mikataba, na mtu wa ustawi wa jamii au afya anayeelewa masuala ya watoto. Wa saba awe anayejua kuongoza kikao. Hiyo ni fani kama nyingine, na wengi wenye vyeo hawana.

Wanawake wasiwe wawili wa kujazia. Nusu ya wanafunzi wenu ni wasichana, na hoja za hosteli, usafi, hedhi na mimba za utotoni hazijadiliwi sawasawa na meza ya wanaume sita na katibu mmoja wa kike.

Kuna watu wa kuwafikiria mara mbili. Mkuu wa shule inayopokea msaada wenu atakaa akipigia kura bajeti inayomfikia yeye mwenyewe; mwalikeni kama mshauri, msimpe kura. Diwani ana msaada mkubwa, lakini sheria inataka shirika lisifungamane na chama chochote, na mwaka wa uchaguzi kila daftari mtakalogawa litaitwa la kampeni. Mtu mwenye jina kubwa anayeishi mbali na asiyejibu ujumbe, mfanyeni mlezi wa shirika. Cheo hicho kina heshima yake na hakihesabiwi kwenye akidi. Mtoto wa nyumbani aliyeko Muscat au London anaweza kuwa mjumbe mzuri sana kama katiba inaruhusu kuhudhuria kwa mtandao na kuhesabika. Kama hairuhusu, ibadilisheni kwanza.

Halafu mwanzilishi. Huyu ndiye anayesumbua bodi nyingi, mara nyingi bila nia mbaya. Achague kiti kimoja: ama mkurugenzi anayelipwa na kuwajibika kwa bodi, anayehudhuria vikao bila kura, ama mjumbe asiyeajiriwa. Akishika vyote viwili, huku mke au mume wake akiwa mweka hazina, mnayo biashara ya familia yenye cheti cha NGO, na mkaguzi yeyote makini ataliandika hilo ukurasa wa kwanza.

Kumwingiza mjumbe

Msimpigie mtu simu na kumwambia "tumekuweka kwenye bodi". Tangazeni nafasi: ofisi ya kata, mbao za matangazo za shule, msikitini na kanisani, kwenye makundi ya wazazi. Mtakaomwona anafaa, zungumzeni naye watu wawili, na mwambieni ukweli kuhusu muda. Vikao vinne kwa mwaka, kila kimoja saa tatu pamoja na saa mbili za kusoma makabrasha, tayari ni saa ishirini. Ongezeni ziara mbili za shuleni na kazi ya kamati moja, mnafika saa thelathini na tano hivi kwa mwaka. Anayesema "nitajitahidi" bila kuuliza tarehe, mwulizeni tena.

Kisha aje kikao kimoja kama mwalikwa. Mtamjua hapo: amesoma makabrasha au anayafungua kikaoni? Ameuliza swali au ametoa hotuba? Akipita, apewe barua ya uteuzi yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, asaini kanuni za maadili na fomu ya kutamka maslahi, na akabidhiwe jalada: katiba, nakala ya cheti, mihtasari mitatu ya mwisho, hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, bajeti ya mwaka huu, sera ya fedha na sera ya ulinzi wa mtoto. Kama mojawapo haipo, mmeshajua pa kuanzia.

Muhula wa miaka mitatu, isizidi mihula miwili mfululizo. Kwa bodi mpya, pigeni kura ya bahati ili wote wasitoke pamoja: wawili waanze na muhula wa mwaka mmoja, wawili miaka miwili, watatu miaka mitatu kamili. Bila hivyo, mwaka wa nne mtaamka na watu saba wageni na hakuna anayejua mkataba wa hosteli ulisainiwa kwa masharti gani.

Kalenda

Mwaka wa shule ndio uwapangie vikao. Mwaka wa fedha ukiwa Januari hadi Desemba, kikao cha Machi kipitishe hesabu zilizokaguliwa na taarifa ya mwaka, kwa sababu taarifa hiyo inatakiwa kwa Msajili wa NGO kabla ya tarehe 15 Aprili, na mfumo wa mtandaoni huelemewa wiki ya mwisho. Kikao cha mwishoni mwa Juni au Julai kitazame nusu mwaka. Cha Septemba kipokee rasimu ya bajeti. Cha mwanzoni mwa Desemba kiipitishe, ili fedha za sare na madaftari ziwe tayari shule zinapofunguliwa Januari. Bodi inayopitisha bajeti Februari inawanunulia watoto sare wakiwa wameshafukuzwa darasani au wameshaacha shule.

Kuna tarehe nyingine zinazosahaulika kwa kuwa ni za mbali. Tangu marekebisho ya 2019, cheti cha usajili kina uhai wa miaka 10. Andikeni tarehe ya kwisha kwenye jalada la katibu, na muanze maombi ya kuhuisha mwaka mmoja kabla. Kodi ya mishahara ya watumishi, PAYE, hulipwa TRA ndani ya siku saba za mwezi unaofuata. Bodi haipeleki malipo hayo, ila kila kikao ione stakabadhi zake na za NSSF. Wengi wanadhani NGO haidaiwi kodi. Hata msamaha wa kodi ya mapato kwa shirika la hisani lazima Kamishna aukubali kwa maandishi, na msamaha huo haugusi makato ya watumishi. Deni la makato hukua kimya kimya, likija huja na riba.

Mkisaini mkataba mkubwa na mfadhili, muulizeni Msajili Msaidizi, ambaye kwa kawaida ni Ofisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri yenu, utaratibu wa kuuwasilisha. Muulizeni kabla ya kusaini, kwa sababu muda unaotolewa baada ya saini ni wa siku chache.

Kikao chenyewe

Makabrasha yatoke siku saba kabla, kwa karatasi kwa wasiopenda simu. Ndani yake: ajenda, muhtasari uliopita, jedwali la yatokanayo na kikao kilichopita, taarifa ya mkurugenzi isiyozidi kurasa nne, taarifa ya fedha na nakala ya taarifa ya benki. Taarifa ya fedha ambayo mkurugenzi anaigawa mlangoni haikubaliwi. Ahirisheni dondoo hiyo wiki moja. Mkifanya hivyo mara moja tu, haitatokea tena.

Yatokanayo ndiyo yanayokula vikao. Saa nzima inapita watu wakikumbushana nani aliahidi kumwona fundi. Dawa ni jedwali la safu nne: jambo, mhusika, tarehe, limefikia wapi. Lisomwe nyumbani. Kikaoni yajadiliwe yaliyokwama tu, dakika kumi na tano. Fedha na maamuzi mazito yafuate papo hapo, watu wangali na akili. Taarifa za kawaida zije mwisho. Na msikubali jambo la fedha lipitie "mengineyo". Hapo ndipo maombi ya kununua pikipiki hujitokeza saa nane mchana, wajumbe wawili wakiwa wameshaondoka na akidi imevunjika bila mtu kuhesabu.

Mwenyekiti aseme maoni yake mwisho. Akianza yeye, hasa kama ni mzee anayeheshimika, kijana na mzazi mliowatafuta kwa shida watasema "naunga mkono" na kukaa. Aanze kuwauliza wao kwa majina: "Mama Neema, wewe una mtoto kidato cha pili, hili unalionaje?"

Muhtasari uandike uamuzi, si mazungumzo. "Wajumbe walijadili kwa kirefu suala la vitabu" hausaidii mtu. Uandikwe hivi: "Bodi iliidhinisha ununuzi wa vitabu vya kiada vya kidato cha pili, nakala 120, kwa gharama isiyozidi TSh 1,800,000. Mhusika: mkurugenzi. Mwisho: 15 Agosti. Mjumbe mmoja hakuunga mkono, akitaka zipatikane kwanza ankara tatu za bei kutoka wauzaji tofauti." Uwafikie wajumbe ndani ya siku saba, usainiwe na mwenyekiti na katibu kikao kinachofuata, kila ukurasa uwe na saini fupi. Benki, mfadhili na mkaguzi wote wataomba karatasi hiyo.

Kundi la WhatsApp ni la matangazo, pole na hongera. Uamuzi uliofanyika huko saa nne usiku kwa dole gumba nne hauna pa kusimama mkigombana. Kukiwa na dharura, tumieni waraka wa maamuzi kama katiba inauruhusu: hoja iandikwe, kila mjumbe ajibu kwa maandishi, kisha uthibitishwe na kuingizwa kwenye muhtasari wa kikao kinachofuata.

Posho ni suala linaloharibu bodi polepole. Rudisheni nauli halisi na pateni chakula cha mchana. Ikianza posho ya kikao inayozidi hapo, vikao vitaongezeka, kamati zitazaliwa, na fedha yake itatoka kwenye fungu la watoto maana ndilo kubwa. Kama lazima iwepo, kiwango kiandikwe kwenye sera ya fedha na kipitishwe na mkutano mkuu. Bodi isijipangie yenyewe.

Kusoma taarifa ya fedha

Hapa ndipo bodi inapojulikana kama ipo. Tuchukue mfano wa kubuni, shirika lenye bajeti ya TSh 56,000,000 kwa mwaka, na taarifa ya tarehe 30 Juni. Mishahara: bajeti 24,000,000, imetumika 12,000,000. Ruzuku ya wanafunzi 40, kila mmoja 350,000: bajeti 14,000,000, imetumika 9,800,000. Vitabu: bajeti 9,000,000, imetumika 1,200,000. Ofisi: bajeti 5,000,000, imetumika 2,700,000. Mafunzo ya walimu wa kujitolea: bajeti 4,000,000, imetumika sifuri. Mwaka ulianza na salio la 4,100,000, na zimeingia 26,400,000.

Wajumbe wengi hutazama asilimia, wanaona ruzuku imefika asilimia 70 katikati ya mwaka, wanapiga kelele. Hilo si tatizo, kwa sababu sare, viatu na vifaa hununuliwa Januari. Swali la ruzuku ni lingine: 9,800,000 ukigawa kwa 350,000 unapata wanafunzi 28. Iko wapi orodha ya majina 28, yenye shule, darasa na saini ya mzazi au stakabadhi ya hosteli? Kama orodha ina majina 24, kuna 1,400,000 ya kuelezwa. Inawezekana kabisa maelezo yapo, labda watoto wanne walihamishiwa hosteli ya bei tofauti. Lakini yaelezwe mezani, yaandikwe.

Sasa mafunzo ya walimu. Sifuri imeandikwa, ila ukifungua ukurasa wa pili unakuta masurufu (fedha anazopewa mtumishi kabla ya kazi, azitolee hesabu baadaye) yasiyorejeshwa TSh 2,300,000, na 1,500,000 kati yake yamepita siku 30. Fedha imeshatoka, kwenye matumizi haijaonekana. Aliyechukua masurufu hapewi mengine mpaka arejeshe ya kwanza kwa stakabadhi. Kanuni hiyo iandikwe na imguse mkurugenzi kama inavyomgusa dereva.

Fanyeni hesabu ya salio. Milioni nne na laki moja za mwanzo, jumlisha 26,400,000, toa matumizi 25,700,000, toa masurufu 2,300,000: zinabaki 2,500,000. Taarifa ya benki inaonyesha 2,900,000. Tofauti ya 400,000 ni hundi iliyoandikwa ambayo mpokeaji hajaipeleka benki, na ulinganisho wa daftari na benki uliosainiwa unapaswa kuitaja hundi hiyo kwa namba. Hapo wengi huridhika, daftari na benki vimekubaliana.

Msiridhike. Ulizeni fedha hiyo ni ya nani. Kama ndani ya zile 26,400,000 mfadhili alitoa 4,500,000 za vitabu tu, na vitabu vimetumia 1,200,000, basi 3,300,000 za vitabu zilipaswa kuwepo. Ukiitoa hundi ile, benki kuna 2,500,000 tu. Maana yake 800,000 za vitabu zimeshalipa kitu kingine, huenda mshahara, na mafungu mengine yote hayana hata senti. Hakuna aliyeiba. Lakini mshahara ni 2,000,000 kwa mwezi, mwezi wa Julai umeanza, na kidato cha pili wana mtihani wa taifa mwishoni mwa mwaka bila vitabu. Uamuzi wa kikao ni huu: vitabu vinunuliwe lini na kwa fedha ipi, mfadhili aambiwe nini na nani, na fungu lipi lisimame mpaka fedha iingie. Ombeni kila taarifa ya fedha iwe na mstari wa "fedha zenye masharti zilizobaki" chini ya salio. Mstari huo mmoja una faida kuliko kurasa tatu za grafu.

Watia saini wa benki wawe wanne katika makundi mawili, kila malipo yapate saini moja ya kila kundi. Mkurugenzi na mhasibu wakae kundi moja, ili wawili hao pekee wasiweze kutoa fedha. Msisaini hundi tupu eti mwenyekiti anasafiri. Michango inayopitia simu iingie kwenye namba ya malipo yenye jina la shirika, na ihamishiwe benki kila wiki. Fedha ya shirika kwenye laini binafsi ya mweka hazina huchanganyika na ya karo ya mwanawe, na siku laini ikipotea hakuna taarifa ya kuonyesha. Kwa manunuzi, wekeni kiwango ambacho juu yake ankara tatu ni lazima, na malipo yote yawe na vocha, ankara na risiti ya EFD.

Maslahi binafsi

Katika kata ndogo kila mtu ni ndugu wa mtu. Kukataza undugu hakuwezekani, kinachowezekana ni kuuweka wazi. Kila kikao kianze na swali: kuna mwenye maslahi katika dondoo yoyote? Tuseme mnataka madawati 60, na seremala mmoja ni shemeji wa katibu. Katibu atamke, atoke nje kabisa dondoo hiyo ikijadiliwa, mtu mwingine aandike muhtasari, na muhtasari useme alitoka na kurudi wakati gani. Bei ya shemeji ikiwa ndogo na sampuli ya dawati ikiwa nzuri, apewe kazi. Kukaa kimya akiwa kwenye kona hakutoshi, kwa sababu hakuna atakayesema mbele yake kwamba mbao hazijakauka.

Ugumu zaidi huja kwenye kuchagua wanafunzi wa kufadhiliwa. Bodi ipitishe vigezo, isichague majina. Majina yapendekezwe na walimu na ofisi ya mtaa au kijiji, watumishi wawatembelee nyumbani, na mjumbe mwenye ndugu kwenye orodha atamke kama kawaida. Mjumbe akishaanza kuleta majina mfukoni, wenzake wataleta ya kwao.

Watoto

Sera ya ulinzi wa mtoto isiwe karatasi iliyonakiliwa kwa ajili ya mfadhili. Bodi iulize vitu vya kushikika: walimu wa kujitolea wanachunguzwa vipi, nani alipiga simu kwa waliotoa barua za kuwadhamini, masomo ya jioni yanaisha saa ngapi na wasichana wanarudije nyumbani, ni nani, kwa jina, anayepokea malalamiko, na mtoto anamfikiaje. Mjumbe mmoja apewe jukumu hili, asiwe ndugu wa mkurugenzi. Tuhuma ya unyanyasaji haimalizwi na bodi wala wazee wa familia: inakwenda kwa Ofisa Ustawi wa Jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na simu ya msaada kwa watoto ni 116. Bodi inayoitisha kikao cha "kusuluhisha" inampa mtuhumiwa nafasi ya kumwona shahidi.

Picha nazo. Mtoto aliyeshika sare mpya pembeni ya bango la mfadhili, jina na shule vimeandikwa, amewekwa kwenye mtandao kwa maisha yake yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inayahusu mashirika pia. Pateni ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na msiambatanishe jina kamili na hadithi ya umaskini wa nyumbani kwao.

Mjumbe akitembelea shule, aanzie ofisi ya mwalimu mkuu, asifungue daftari la mwalimu bila kuombwa, na asiahidi chochote. Sentensi "tutaliangalia hilo la choo" inasikika shuleni kama mkataba.

Kumpima mkurugenzi, na kuagana na wajumbe

Mkurugenzi ana bosi mmoja, bodi, na msemaji wa bodi kwake ni mwenyekiti. Mwezi wa Desemba mkubaliane malengo matano au sita ya mwaka unaofuata, mwezi wa Julai mkae nusu saa mezani kuyapitia, Desemba mpime. Kila mjumbe atoe maoni kwa maandishi kwa mwenyekiti, naye na mjumbe mwingine mmoja wazungumze na mkurugenzi. Lisifanywe kwenye kikao kizima mbele ya katibu ambaye ni mtumishi wake.

Mjumbe aliyekosa vikao vitatu mfululizo bila udhuru amejiondoa, kama katiba inasema hivyo. Mwenyekiti amwendee kwanza ana kwa ana, maana wengi wanashukuru kupewa njia ya kutoka kwa heshima, kisha barua. Uamuzi uingie kwenye muhtasari, Msajili aarifiwe mabadiliko ya viongozi, na kama alikuwa mtia saini, barua iende benki wiki hiyo hiyo ikiwa na muhtasari na vitambulisho vya NIDA vya wanaoingia. Mpaka benki ibadilishe, saini yake bado inatoa fedha.

Makabidhiano yafanyike kwa orodha iliyosainiwa na pande mbili: muhuri, vitabu vya hundi, hati ya kiwanja, kompyuta, nywila za barua pepe na za mfumo wa Msajili, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake, na mafaili yaliyoko nyumbani. Laini hiyo ndiyo husahaulika, na ndiyo inayopokea namba za siri za kuingilia akaunti ya benki.